Huruma Inaanza na Kujua: Mwongozo kwa Sisi Tunaoishi Kando ya Ziwa Victoria

Kijana anayefunga mbuzi nyuma ya bodaboda, mama anayeparua samaki akiwa bado anatapatapa, baba anayefungulia choo mvua ikianza kunyesha: wengi wao si watu wakatili. Wana haraka, wana watoto wanaosubiri kula, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza kinachompata yule wa upande wa pili. Nimeishi Mwanza muda wa kutosha kuamini kwamba sehemu kubwa ya mateso tunayopishana nayo barabarani na mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, inatokana na kutojua. Kwa hiyo hapa nitazungumzia zaidi miili: kuku anavyopumua, kamongo anavyokufa, punda anavyoficha maumivu, ziwa linavyopokea na kutoa maji, na kwa nini macho ya bibi wa jirani ni mekundu. Ukishajua panapouma, inabaki kazi ya mikono, na nyingi ya kazi hiyo haina gharama.

Si lazima ufuate mpangilio. Mwenye kuku aanze na kuku, mwenye mtumbwi aanze na mtumbwi.

Hatua ya kwanza: safari ya kutoka sokoni

Kuku hana ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo tulio nao sisi. Hupumua kwa kutanua mbavu na kidari, na hewa huzunguka kwenye vifuko vilivyosambaa ndani ya mwili wake. Ukimning'iniza miguu juu, utumbo, firigisi na maini vinalalia vile vifuko, na kila pumzi anaipigania. Ndiyo maana kuku aliyening'inizwa kwenye usukani wa baiskeli hupigapiga mbawa mwanzoni kisha akanyamaza. Watu husema ametulia, kumbe ameishiwa nguvu.

Mbebe akiwa ameketi. Pitisha kiganja chini ya kidari, shika miguu yake katikati ya vidole, kisha mbane mbawa kwenye ubavu wako. Akihangaika, mfunike kichwa kwa kona ya kanga. Kuku akiwa gizani hukaa kimya. Kama ni wengi, tafuta tenga ambalo kila mmoja ana nafasi ya kuketi, na usilifunike kwa turubai juani. Kuku hatoi jasho. Njia yake ya kupunguza joto ni kuhema mdomo ukiwa wazi, na ukiwaona wote wanahema hivyo, simama kivulini uwape maji kabla hujaendelea.

Nyumbani, usimwache amefungwa miguu jikoni usiku kucha kwa sababu tu kesho ni sikukuu. Mfungulie, mfunike kwa tenga, mwekee maji. Kisu kinolewe mahali asipokuona, na asichinjwe mbele ya wenzake. Waislamu hufundishwa adabu hii tangu utotoni, na ingefaa kila nyumba iifuate. Kisu kiwe kikali kweli kweli. Na usimtumbukize kwenye maji ya moto mpaka uhakikishe amekufa.

Mbuzi naye ana habari yake. Ni mcheuaji, tumbo lake halikomi kutengeneza gesi, na gesi ile hutoka kwa kucheua. Akilazwa ubavu au chali kwa muda mrefu, njia ya gesi inaziba, tumbo linavimba na kubana mapafu. Basi kama huna budi kumsafirisha kwa bodaboda, alale kifudifudi, miguu imekunjwa chini yake, ndani ya tenga au kreti, kichwa kikiwa juu. Kutoka Kisesa hadi mjini ni afadhali mchangie bajaji ya mizigo watu watatu, mbuzi wasimame.

Hatua ya pili: samaki, ambaye hatumhesabu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ziwa ndilo linalotulisha na samaki ndiye mnyama tunayemuua kwa wingi kuliko wote, tena bila kumfikiria.

Nenda Kirumba mwaloni au soko lolote la samaki utazame mabeseni. Sato na sangara wengi hufika wakiwa wamekufa. Lakini kamongo na kambare utawakuta wanasogea. Kamongo ana mapafu kabisa, na kambare ana kiungo juu ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Kumtoa majini hakumuui. Anaweza kulala juani katika beseni lisilo na maji kwa saa nyingi, ngozi ikikauka, mdomo ukifunguka na kufunga, huku watu wakipatana bei juu yake. Kisha anaparuliwa au kukatwa vipande akiwa bado hai.

Namna ya kumuua samaki kwa heshima ni rahisi. Mshike kwa kitambaa kilicholowa ili asiteleze. Mpige pigo moja zito la rungu fupi utosini, nyuma kidogo ya macho. Akikakamaa na mboni kuacha kusogea, mkate mashavu pande zote mbili damu itoke, kisha mweke kwenye barafu. Kwa kamongo mkubwa pigo liwe la nguvu zaidi, na kama una shaka, rudia hapo hapo. Hii ina faida hata kwa mfanyabiashara: samaki aliyehangaika muda mrefu kabla ya kufa hukakamaa mapema na nyama yake huharibika upesi.

Wewe mnunuzi una sauti. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Mama, naomba umuue kwanza ndipo umparue." Atashangaa mara ya kwanza. Mara ya tatu atakuwa ameshaokota rungu kabla hujafungua mdomo.

Halafu kuna suala la ukubwa. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Huhitaji rula. Kwa mtu mzima, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni karibu sentimita 45, kwa hiyo sangara asiyevuka mkono wako ni mtoto. Kwa sato, shibiri moja na vidole viwili. Aliye chini ya hapo mwache, hata kama ni bei ya kutupa. Mvuvi anavua kile anachojua kitanunuliwa.

Na jambo moja ambalo ningependa kila mtoto wa Ilemela na Nyamagana alijue: sato jike hulea mayai na vifaranga vyake mdomoni. Katika siku hizo huvizungusha taratibu ili vipate hewa, na vikishaanguliwa vikaanza kuogelea, hurudi mbio kinywani mwake vikihisi hatari. Malezi hayo yote hufanyika kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufukwe, pale pale wavu wa kokoro unapoburutwa. Kokoro limepigwa marufuku, timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, nazo zimepigwa marufuku, na uvuvi wa sumu ni uhalifu unaomrudia mlaji mezani. Ukijua mahali zinapouzwa au kutumika, uongozi wa mwalo na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ndio wa kuambiwa kwanza.

Tumeshaona hasara ya kulichukulia ziwa hili bila kulijua. Sangara aliletwa miaka ya 1950, akaongezeka sana miaka ya 1980, na aina nyingi mno za furu, wale samaki wadogo wenye rangi ambao wazee wetu walikula kila siku, zikapotea au kubaki chache. Sangara ametupa viwanda na ajira, silikatai hilo. Ila furu waliotoweka hawarudi.

Hatua ya tatu: punda na maksai

Ukitoka mjini kuelekea Magu au Misungwi unaanza kukutana na punda wa maji na mkaa. Kosa kubwa tunalomfanyia ni kudhani kwamba kwa kuwa halii, haumwi. Punda huficha maumivu. Anayeonyesha udhaifu porini ndiye anayeliwa. Kwa hiyo tazama alama ndogo: kichwa kimeshuka, masikio yamelegea pembeni, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hataki kuguswa sehemu fulani.

Kila asubuhi kabla ya kumfunga mkokoteni, pitisha kiganja mabegani, mgongoni, chini ya mkia mkanda unapopita, na pembe za mdomo. Ukikuta joto au unyevu, pumzisha sehemu hiyo. Chini ya matandiko weka blanketi au nguo nzito ya pamba iliyofuliwa. Mikanda ya salfeti na kamba za nailoni hukata ngozi ikishalowa jasho. Panga mzigo katikati ya ekseli: ukilalia mbele unamwangukia shingoni, ukilalia nyuma unamnyanyua kwa mkanda wa tumbo. Usimfunge nira moja na ng'ombe, kwa sababu hawalingani kimo wala hatua.

Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Oili chafu ya gari na maji ya betri visiguse kidonda cha mnyama yeyote. Vinaua nyama iliyo hai. Kwato zikatwe kila miezi miwili hivi na mtu anayejua, na siku moja ya juma iwe ya mapumziko kwake kama ilivyo kwako.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na inahesabu ukatili kuwa kosa. Ofisa mifugo wa kata yupo kwa ajili ya maswali haya; mtumie kabla mambo hayajaharibika.

Hatua ya nne: mbwa

Chanjo kwanza, mengine baadaye. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Ikifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita, na watoto wa mtaa mzima wanakuwa salama, hata wa yule asiyependa mbwa. Kuwapiga risasi au kuwatega sumu mbwa wa mtaani hakusaidii kama watu wanavyodhani: waliochanjwa wanakufa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao inachukuliwa na wageni ambao hakuna anayejua afya zao. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na karibu na siku hiyo ni wakati mzuri wa kuuliza ofisi ya mifugo kama kuna kampeni ya chanjo.

Mtu akiumwa na mbwa, hata kama jeraha ni mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kabla ya kitu kingine chochote. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majivu. Kisha kituo cha afya, siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara unaua.

Kuhusu kufunga: waya shingoni unazama nyamani mbwa anavyokua. Tumia mkanda mpana unaopitisha vidole viwili, kamba ndefu, kivuli, na maji yasiyopinduka. Ugali wa dona uliochanganywa na vichwa vya dagaa unamtosha sana mbwa wa kulinda.

Hatua ya tano: ndege aliyenasa

Nyavu zilizochanika na kuachwa hazikomi kuvua. Zinanasa mnandi, fisi maji, kenge. Ukiona kipande cha wavu kimekwama kwenye mawe au matete, kitoe, kikatekate, kipeleke jalalani. Ukikuta mnandi, yule ndege mweusi anayekausha mbawa juu ya mawe, amenasa akiwa hai, fanya hivi:

1. Msogelee taratibu, kwa nyuma, na umrushie shati au kanga ifunike kichwa na mbawa.
2. Kunja mbawa zake zikae zilivyo kawaida na umbane ubavuni kwako. Uso wako uwe mbali. Mdomo wake una ndoano, na korongo au yangeyange hulenga macho.
3. Shika mdomo nyuma kidogo ya ncha, lakini acha upenyo wa kidole kati ya juu na chini. Mnandi aliyekomaa hana tundu za pua zilizo wazi. Anapumua kwa mdomo tu, na ukiufunga kabisa kwa nia njema unamuua mikononi mwako.
4. Kata nyuzi kwa mkasi au wembe ukianzia zilizobana zaidi. Usivute.
5. Mweke kivulini ukingoni mwa maji, mwache. Usimpe chakula wala kumnywesha.

Inamchukua mtu mwenye subira dakika chache tu. Nimewahi kumwona mvuvi mzee akikata nyuzi tano kwenye mguu wa mnandi huku anazungumza naye kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, na wenzake wakimsubiri kwenye mtumbwi bila kulalamika.

Hatua ya sita: ziwa lenyewe

Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu. Ni sinia kubwa. Maji yake mengi yanatokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanaondoka kwa mvuke. Mto unaotoka ni mmoja, Nile, kule Jinja nchini Uganda. Fikiria maana yake: maji yanapaa angani, uchafu hauna mbawa. Tunachokitupa leo tutakaa nacho.

Kwa Mwanza, njia ya uchafu inajulikana. Unaanzia milimani, katikati ya mawe ya Mabatini na Isamilo, unashuka na mvua mpaka Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, ziwa lile lile ambalo mtambo wa Capri Point unachota maji ya kunywa.

Jambo gumu kuliko yote ni kutapisha vyoo. Kuchimba shimo kwenye mwamba ni kazi, gari la kunyonya halipandi, kwa hiyo mvua kubwa ikija watu wanafungulia. Naelewa sababu. Lakini aliye chini ya mlima anaamka na kinyesi cha jirani mlangoni, na kipindupindu hakiulizi ni cha nani. Kaya nne au tano zikae pamoja zichangie mfuko wa kulipia kunyonya vyoo kabla ya masika, na mwenyekiti wa mtaa aulize mamlaka ya maji kuhusu kuunganishwa kwenye mabomba ya majitaka, maana baadhi ya maeneo ya milimani yameshafikiwa. Wapangaji wamdai mwenye nyumba. Kudai choo kinachofaa si ukorofi.

Na ufukweni, usijisaidie majini wala kwenye matete. Mayai ya kichocho hutoka na haja, yanaanguliwa majini, vijidudu vyake vinaingia kwa konokono wadogo, kisha vinatoka vikiwa na uwezo wa kupenya ngozi ya mtoto anayechota maji. Mtu mmoja tu mwenye kichocho anaweza kuambukiza konokono wa sehemu nzima ya kuogea.

Matete na mafunjo yaache. Yanachuja maji ya mvua, yanashika udongo, ndimo vifaranga vya samaki vinapojificha na ndege wanapojenga viota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na bustani nyingi za mchicha ninazoziona zimeshavuka hapo, zikiwa na mbolea inayoingia moja kwa moja ziwani kulisha gugumaji. Sogeza bustani. Au angalau acha ukanda wa majani mazito kati ya matuta yako na maji, usiolimwa wala kuchomwa moto.

Hatua ya saba: wafundishe watoto kutazama

Mtoto anayempiga pimbi kwa mawe mara nyingi hajawahi kuelezwa pimbi ni nani. Mwambie kwamba yule mnyama mdogo anayeota jua asubuhi juu ya miamba ni ndugu wa tembo katika ukoo wa wanyama, na utaona jiwe linadondoka mkononi. Wale mijusi wenye kichwa na kifua cha rangi ya waridi na mwili wa buluu nao hawana sumu yoyote. Wanakula wadudu.

Ukipata nafasi, wapeleke Kisiwa cha Saanane, ambacho kimepewa jina la mvuvi, mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi pale. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kwa boti ni mwendo mfupi tu kutoka mjini. Mpe kila mtoto kazi moja: achague mnyama mmoja, amtazame kimya mpaka aone jambo ambalo hakulijua.

Hatua ya nane: bundi, kisha bibi

Nimeziweka pamoja kwa makusudi, maana hofu ni ile ile.

Bundi anakula panya. Anaruka bila sauti kwa sababu kingo za manyoya yake ni laini, na macho yake makubwa yametengenezwa kwa giza. Akitua juu ya bati lako amefuata panya wa stoo yako. Ukimuua, panya wanabaki. Mwache, na waeleze watoto wasimrushie kitu.

Sasa bibi. Huku kwetu Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na kisingizio kinachorudiwa ni macho mekundu. Macho hayo yana historia. Sehemu nyingi za Usukuma hazina kuni, kwa hiyo mama alipika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, tangu akiwa msichana. Miaka hamsini ya moshi inafanya jicho liwe jekundu. Wengine wana trakoma, ugonjwa ambao hospitali inautibu. Yale macho ni malipo ya ugali tuliokula.

Kama kuna mzee anayeishi peke yake mtaani kwako, anza na salamu ya kila siku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama. Leo nimekuja kuangalia jiko lako."

Kisha liangalie kweli. Toboa tundu la moshi juu ya ukuta, upande wa pili wa mlango ili upepo upite. Mtafutie jiko banifu, au mhamishie mafiga nje chini ya kibanda. Mpeleke kliniki ya macho. Kliniki ya macho ya Bugando ipo, na hospitali za wilaya zinaweza kuanza naye. Nenda na watoto wako, wamzoee, wamchotee maji. Mzee mwenye watu wanaoingia na kutoka kwake ni vigumu kumzushia jambo.

Ukisikia minong'ono, usikae kimya ukidhani itapita. Mganga aliyepiga ramli chonganishi akamtaja mtu ametenda kosa la jinai. Mwambie mwenyekiti wa mtaa na polisi kata siku hiyo hiyo, au piga 112. Na uulize swali moja ambalo watu hawapendi kuulizwa: bibi huyu akiondoka, nani anarithi shamba lake?

Hofu hiyo hiyo imewaumiza watu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa. Wanachohitaji kutoka kwetu kila siku ni mambo ya mwili pia. Ngozi yao haina rangi ya kuikinga, na hapa jua linapiga mara mbili, kutoka juu na kwa kuakisiwa na maji. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Saratani ya ngozi ndiyo inayowaua wengi wakiwa vijana. Macho yao yanaona kwa shida mbali, kwa hiyo mtoto huyo akae dawati la mbele, aruhusiwe kusogea ubaoni, apewe karatasi mkononi. Mwalimu asidhani ni mzito wa kuelewa. Mwajiri ampe kazi ya kivulini. Na njiani kwenda shule atembee na wenzake, watoto wako wakiwemo.

Hatua ya tisa: watu wa majini na watu wa mchangani

Wanawake wanaoanika dagaa wanategemea jua la siku moja. Wingu likitanda, dagaa walio mchangani wanaanza kuoza, na hapo ndipo madalali hushusha bei mpaka chini ya mtaji wa mama huyo. Kama wewe ni mnunuzi, weka bei yako asubuhi na uishike hata mvua ikija. Kama wewe ni kiongozi wa mwalo, tafuta namna ya kujenga vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa na turubai la pamoja. Dagaa wa kichanjani hawana mchanga, na bei yao ni nzuri zaidi.

Vijana wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, mbali na nchi kavu, wengi bila jaketi okozi. Wenye mitumbwi wananiambia ni gharama. Ziwa hili lilichukua meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na mitumbwi midogo inayozama haiandikwi popote. Jaketi moja kwa kila kibarua, linunuliwe kabla ya taa na kabla ya injini mpya. Mpaka yapatikane yote, kila mtumbwi ubebe madumu matupu ya lita 20, mfuniko umekazwa, kila dumu limefungwa kamba ya mita kumi hivi. Dumu moja linamwelesha mtu mzima akilikumbatia kifuani.

Mwenzako akianguka, mrushie dumu, usimrukie. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu na kukizamisha pamoja naye, hata kama ni kaka yake. Mrushie lipite kidogo nyuma ya kichwa chake ili kamba imwangukie, mwambie alilalie, ndipo uvute. Mtu mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji, ataje jina la mwalo ulio karibu na idadi ya watu waliomo majini.